Moshi Usiokuwa wa Sigara

Ipo siku moja ambayo huikumbuka kila nionapo kalamu nyekundu, na juzi, mwanangu, umenikumbusha. Uliniletea jedwali la utafiti wako wa wanawake wa kijiji cha Janga, majina sita yamepigwa mstari mwekundu, na pembeni umeandika: "Wamedanganya." Ninalo mezani hapa Kibaha, sijalirudisha. Kaa kwanza nikueleze kwa barua hii mimi niliandika nini.

Nilikuwa nimevuka arobaini. Usicheke, katika kazi yetu mtu humaliza uzamivu mvi zimeshaingia, ndipo anaitwa kijana. Tulikuwa tukichunguza saratani ya umio, ile njia ya kupitishia chakula, na tulichukua damu za wanawake wa Chole, kule Kisarawe. Tulichokitafuta kwenye damu unakijua, lakini nitakisema kama ninavyomweleza mama muuza nyanya: jeni ni maandishi tunayozaliwa nayo, na maisha nayo yana kalamu yake. Hupita juu ya maandishi hayo yakitia alama, hapa pasomwe, hapa parukwe. Umri huacha alama. Moshi wa tumbaku huacha alama zinazosomeka waziwazi.

Dodoso langu liliuliza, "Unavuta sigara?" Wanawake kumi na mmoja walijibu hapana. Damu zao zikajibu ndiyo.

Nikajiambia, penye moshi hapakosi moto; hawa wanavuta kwa kujificha. Nikashika kalamu nyekundu. Sasa, orodha hiyohiyo ndiyo iliyotumika kuita watu hospitali, waingizwe mpira wenye kamera kooni na kuchunguzwa. Niliyemfuta kwangu, kule haitwi. Nililijua hilo, mwanangu, na bado nilifuta.

Msimamizi wangu, mzee mpole aliyesoma kila karatasi kwa kidole, alipofika kwenye mistari ile kidole kikasimama.

"Hawa wamekwambia wamedanganya?"

"Hapana, mzee. Damu ndiyo imesema."

"Damu haina mdomo. Wenye midomo wako Chole. Nenda."

Nilikwenda nimenuna. Wa kwanza kumfikia alikuwa Bi Zuhura, mjane, ndiye aliyewashawishi wenzake watoe damu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kututoboa tena?"

"Leo sitoboi. Bibi, niambie kweli, sigara unavuta? Itabaki kati yetu."

Alinitazama, kisha akapaza sauti kwa jirani: "Mwajuma wee! Njoo umsikie daktari wa Kibaha, ananiozesha sigara uzeeni!"

Mwajuma akaja, wakacheka mpaka nikainamisha uso. Kicheko kilipoisha, Bi Zuhura hakuwa na mzaha tena. "Kwa hiyo umekuja kuniita mwongo, tena kwangu?"

Nikafanya jambo pekee la maana siku ile: nikafunga dodoso, nikamwuliza anashindaje. Akanishika mkono mpaka nyuma ya shamba. Palikuwa na tuta refu la udongo likifuka kwenye vitundu. Tanuri la mkaa. Alikuwa akichunga matanuri tangu akiwa mwali, siku nne au tano kwa kila moja, akiziba udongo unapopasuka ili mkaa usigeuke majivu, kanga ameifunga puani.

"Mimi sivuti moshi, mjukuu wangu," alisema. "Moshi ndio unaonivuta mimi. Ila hukuuliza."

Katika wale kumi na mmoja, tisa walikuwa wachoma mkaa, na moshi wa kuni nao huweza kuacha alama zinazofanana na za tumbaku. Wawili sijapata jibu lao hadi leo, na hilo nalo nililiandika. Methali yangu ilikuwa kweli, moto ulikuwepo. Nilikuwa sijauliza ni moto gani.

Niliwarudisha wote kwenye orodha, wakaitwa. Mwajuma, ambaye naye nilikuwa nimemfuta, alikutwa na kidonda kidogo kwenye umio, ndio kwanza kinaanza. Akatibiwa. Sisemi moshi ndio uliomtia kidonda. Damu za watu wachache haziwezi kuthibitisha hilo. Nasema tu kwamba kwa kalamu yangu asingeitwa. Yu hai. Sikukuu iliyopita alinipigia simu kuuliza kama nimeacha kuozesha watu.

Basi, mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujaandika kwamba mtu amedanganya, tazama kama swali lako lilimpa nafasi ya kusema kweli. Kipimo na mtu wakipingana, usiharakishe kufuta. Hapo ndipo utafiti unapoanza. Uliza anapikia nini, anashinda wapi, mikono yake inashika nini mchana kutwa, na uulize ukiwa umekaa. Mashine ya kupimia damu nilikufundisha mimi, na unaijua kunishinda. Hili lingine watakufundisha wao. Wala usibebe jibu langu. Janga si Chole, huenda huko si mkaa. Mimi sijui, nawe hujui, ndiyo maana unakwenda.

Kesho pita uchukue jedwali lako. Majina sita nimeyaandika upya kwa penseli.

Mungu akupe sikio refu kuliko kalamu yako. Akujalie uishi kuona kazi ya mikono yako ikimfaa mtu unayemjua kwa jina. Na wanawake wale sita wakucheke vizuri, kama nilivyochekwa mimi, kisha wakushike mkono wakuonyeshe nyuma ya shamba.