Wiki Nne za Mzee Salum Kabla ya Kisu

Siku yangu ya kwanza kazini, Kilosa, nilidhani fiziotherapia ni kukanda migongo na kunyoosha viungo basi. Mganga mfawidhi akaniambia, "Binti, wengine wape nguvu kabla hatujawapasua." Niliitikia tu. Maana yake niliiona hospitali ya Mikumi, miaka mingi baadaye.

Huko aliletwa Mzee Salum, mkulima wa kijiji cha Ulaya, kulekule wilayani Kilosa, mwenye saratani ya tezi dume, akisubiri upasuaji. Wanawe walimshusha kwenye bajaji mzobemzobe. Tangu wasikie neno saratani walikuwa wamemfichia jembe na baiskeli, hata maji ya kunawa akipelekewa kitandani. Mapenzi gani hayo, jamani! Miguu ilikuwa imesinyaa. Daktari wa upasuaji akaniita pembeni. "Hivi alivyo simpasui. Nakupa wiki nne. Akirudi hivihivi, naahirisha."

Nikamgeukia Hamisi, mwanawe mkubwa. "Mwacheni baba yenu atembee kila siku, na akae kwenye kiti na kuinuka, tena na tena!"

Hamisi akanuna. "Majirani watasema tunamtesa mgonjwa."

"Waje kwangu!"

Hilo lilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobana mkojo. Isipozoezwa mapema, baada ya upasuaji mwanaume anaweza kulowa muda mrefu. Sasa mimi mwanamke nimwambie mzee niliyemwamkia shikamoo abane huko? Nikaanza kukusanya makaratasi, nimuage bila kumwambia.

Akaniuliza, "Mwanangu, wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi, babu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe mtani wangu! Mimi Msagara. Sema, leo hakuna adabu hapa."

Nikasema yote. Bana kama unazuia upepo mbele za wakwe, hesabu tano, achia, rudia.

"Wanyamwezi nyie! Mmechoka kubeba mizigo ya misafara, sasa mmehamia huku chini!"

Baada ya wiki nne alishuka kwenye basi kwa miguu yake, Hamisi nyuma kabeba mkoba. Daktari akamkalisha na kumsimamisha mara kumi, kisha akampangia siku. Alipasuliwa salama. Alilowa wiki chache, kisha akakauka, akarudi shambani.

Nimestaafu sasa, niko Mabwerebwere. Mganga mfawidhi wangu wa Kilosa namshukuru, na yule daktari wa upasuaji. Ila Mzee Salum namwombea kila siku. Baada yake niliwaeleza wanaume wengi bila kutafuna maneno. Yeye nilikuwa karibu nimwache aende kulowa nguo miezi na miezi, kwa sababu ya aibu yangu mimi.