Fundi wa Tovuti ya Anfushi

Enzi zile watu wa Anfushi, Aleksandria, walipoandikiana na watoto wao walio ughaibuni kupitia tovuti ya mtaa, fundi wake alikuwa akitafuna mbegu za alizeti na kuandika kwa vidole viwili. Programu yake ilikagua kila ujumbe. Ukikutwa na tusi, haupiti. Mama Rifaat, aliyetoka hospitali kupasuliwa moyo, akamjia juu.

"We punda, mbona ujumbe wangu hauendi?"

"Mama, umemwita mwanao mbwa!"

"Ndivyo nimwitavyo tangu azaliwe. Nikiandika kwa adabu atadhani nimekufa, na anayeandika ni jirani!"

Fundi akacheka, akafuta miwani kwa pindo la shati, akaongeza mstari kwenye programu: huyu asikaguliwe.

Rifaat akajibu kutoka Milano: "Matusi yale yale! Basi umepona, mama."