Kiangazi cha Betri Isiyochaji

Jumamosi iliyopita mume wangu alifungua boneti ya gari letu hapa North York, akainama, akainuka, akatamka neno moja: "Altaneta." Tulikuwa tumekokota trela letu la kulala kwa saa mbili nzima, na betri yake ilikuwa imeshuka badala ya kupanda. Nikamwambia asiiguse hiyo altaneta, kile kifaa cha injini kinachochaji betri. Nilisema kwa ukali hata akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Wewe unanifahamu, rafiki yangu, sina hasira za bure. Kaa nikueleze zilikotoka.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tunaishi mtaa wa Flemingdon Park, ghorofa ya tisa. Baba alifanya kazi kiwanda cha mikate, na mashati yake yalinuka hamira hata yakitoka kufuliwa. Mama alihudumia wazee kwenye makao yao. Bibi, mama yake Baba, alikuwa ameletwa kutoka Kigoma mwaka mmoja kabla, na hapa ughaibuni alitamani kitu kimoja tu: ziwa. Tulimpeleka kuliona la mjini. Akatazama zege, akatazama vyuma vya ukingoni, akasema, "Hili wamelifunga. Mimi nataka lenye mchanga, niingize miguu."

Lenye mchanga lilikuwa mwendo wa saa nne kaskazini, na magoti ya Bibi yasingeweza kwenda na kurudi siku moja. Ndipo Baba akachukua trela kuukuu la mwenzake wa kiwandani aliyekuwa anastaafu, nyumba ndogo ya magurudumu yenye vitanda, jiko la gesi na friji. Ila Bibi alilala na mashine ya kumsaidia kupumua, na daktari alishakataza asilale hata usiku mmoja bila hiyo. Viwanja vya kambi vyenye umeme vilikuwa vimejaa tangu majira ya baridi. Kwa hiyo mashine ingetegemea betri ya trela, na betri ingechajiwa na pikapu ya Baba njiani, kupitia ule waya mnene unaochomekwa nyuma ya gari. Ndivyo Baba alivyoelezwa.

Tuliondoka mwanzoni mwa Julai. Mama alikuwa amekaanga maandazi, gari zima linanukia iliki, na Bibi amevaa kitenge kipya kana kwamba anakwenda arusini. Baba aliiacha friji ikifanya kazi kwa betri ili samaki tuliobeba wasiharibike. Tulipofika, taa za trela zilikuwa nyekundu na hafifu. Baba akajaribu kuwasha mashine ya Bibi, nayo ikalia mlio mmoja na kuzimika. Saa nne nzima barabarani, na gari halikuwa limeipa betri chochote. Friji ilikuwa imekunywa yote.

Tukageuza. Ziwa nililiona kati ya miti wakati Baba anarudisha trela nyuma huku akiuma meno. Bibi naye aliliona.

Tangu siku hiyo kiangazi chetu kilihamia kwenye maegesho ya magari. Watoto wenzangu walikuwa wanaogelea, mimi nashika tochi chini ya trela na kukanyaga breki Baba akipiga kelele, "Kanyaga! Achia! Kanyaga nimesema!" Lami ilikuwa ya moto, inanuka mafuta. Watu wenye nyumba zao wangechomeka waya ukutani wakamaliza kazi. Sisi maegesho yetu hayakuwa na soketi hata moja, na Mama alikataa katakata betri ya tindikali kukaa sebuleni kwake.

Jirani wa ghorofa ya nne, mzee wa Kiismailia aliyezaliwa Mwanza, alikuwa na duka la vifaa vya umeme enzi zake. Alishuka na mita yake ya kupimia umeme, kandambili miguuni. "Altaneta hiyo, bwana," alisema. "Nimeziona mia." Baba akabadilisha altaneta. Betri haikuchaji. "Basi betri yenyewe imekufa." Baba akaweka betri mpya. Haikuchaji. Wiki zikapita. Baba akaanza kutujibu kwa mkato mezani. Siku moja alilipiga trela teke, akachechemea hadi Ijumaa.

Na kila asubuhi Bibi aliuliza, "Mwanangu, ni leo?"

"Kesho, Mama."

Mwishoni mwa Agosti Mama alipita akitoka kazini, sare bado mwilini, miguu imevimba. Alituletea chupa ya chai. Akasimama kuwatazama wanaume wale wawili, kisha akauliza, "Mmepima betri ya gari, mmepima ya trela. Hapo katikati je?"

Mama akaelekeza kidole nyuma ya pikapu.

"Pale waya unapochomekwa. Umeme unafika?"

Jirani akaingiza ncha za mita kwenye soketi ya nyuma ya pikapu, injini ikiwaka. Sifuri. Hakuna aliyekuwa amepima pale. Mama akafungua kisanduku cha fyuzi chini ya boneti na kugeuza kifuniko chake. Palikuwa na mchoro mdogo wa trela, na kwenye nafasi yake hapakuwa na fyuzi. Tundu tupu! Pikapu ile haikuwahi kuwekewa fyuzi ya kuchajia trela.

Wakaweka fyuzi, soketi ikapata umeme, lakini kwenye betri namba ikapanda kidogo tu na kugoma. Baba nusura alie. Safari hii hakubahatisha. Aliufuata waya hatua kwa hatua, akalala chali chini ya trela, akakuta bolti inayoshikiza waya wa hasi kwenye fremu imeliwa na kutu. Akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa. Namba ikapanda hadi volti kumi na tatu na ushee. Jirani akapiga makofi. Baba hakucheka. Aliketi kwenye lami, mikono myeusi, akitazama ile mita.

Tulikwenda wikiendi ya mwisho ya Septemba, Baba alipopata ruhusa kiwandani, friji imezimwa. Mashine ya Bibi ilifanya kazi mpaka asubuhi. Kulipokucha tulimshika mkono hadi mchangani, akavua viatu, wimbi likamgusa vidole, akaruka nyuma. "Barafu hii!" Akarudi kukaa kwenye kiti, miguu imeviringishwa blanketi, akayatazama maji siku nzima bila kuyaingia. Mtu mmoja wa trela la jirani alituambia kwamba Julai yalikuwa vuguvugu.

Bibi alifariki Machi iliyofuata.

Siku hizi maegesho yale yamezungushiwa uzio, wanachimba msingi wa mnara mwingine wa ghorofa. Yule jirani alihamia kwa mwanawe. Wanangu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, na hakuna tena wa kushuka na kandambili kuja kutuambia jambo lisilo kweli kwa uhakika kiasi kile. Hata hilo nalikumbuka kwa hamu.

Baba hakuwahi kulizungumzia suala hili, isipokuwa mara moja majira ya kuchipua yaliyopita, tukinywa chai. Alisema tu, "Wiki nane. Bibi yako aliniuliza kila siku, na kila siku nilimwambia kesho." Nikamwongezea chai.