Tangawizi Si Abiria

Mwalimu aliyenifundisha jiografia sekondari alikuwa mama wa Kiingereza aliyepanda milima ya Upare kwa miguu kutushinda sisi tuliozaliwa huko. Alirudi kwao nilipomaliza kidato cha nne. Miaka michache baadaye akaniandikia barua. Macho yake yalikuwa yanafifia, na kabla hayajazimika kabisa alitamani kumwona mmoja wa wanafunzi wake. Malazi na chakula vingekuwa juu yake, nauli ya ndege juu yangu. Nikitua, nipande treni kwenda kaskazini, nishuke kwenye mji mdogo, kisha nikodi gari, kwa sababu basi halifiki kijijini kwake.

Nilikuwa kijana aliyetaka kwenda mahali, popote pale. Tangu utoto nilikuwa nikikaa juu ya miamba ya kwetu kutazama treni ya Tanga ikitambaa chini nyikani kama jongoo, na kila ilipopotea nilihisi imeniacha mimi. Sasa nimepita miaka arobaini na bado sikai mahali misimu miwili. Lakini safari ninayoikumbuka kuliko zote ni moja ambayo sikuvuka hata mpaka wa wilaya.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya mji wetu wa Same, ambayo nilikuwa nimeyazoea yakiwa na chumvi na viberiti, yalijaa ghafla sabuni za rangi, redio na viatu vya mitumba. Tuliingia, tukatazama, tukatoka. Katika ukoo wetu mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa ananunua: mjomba, kaka yake mama, mwenye pikapu kuukuu iliyoshusha tangawizi kutoka milimani na kupandisha mitumba. Nauli kama ingepatikana, ingetoka kwake. Kwa hiyo barua ilisomewa nyumbani kwake Same. Mama alikuwepo, na bibi alikuwa ameshuka kutoka mlimani na mfuko wake wa tangawizi kwa ajili ya gulio la Jumamosi. Mimi nilitafsiri.

"Treni inaondoka saa nne na dakika kumi na saba," nikasoma.

Mjomba akainua mkono. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Dakika kumi na saba za nini?"

Sisi stesheni tulikwenda na blanketi. Treni ilikuja siku yake, au siku ya pili yake, na hakuna aliyeiuliza ilikuwa wapi. Mama akakata shauri kwamba hao wanataja dakika ili kuwapoteza wageni. Nifike stesheni siku moja kabla, na makande ya kunitosha.

"Haya, treni imekwisha," mjomba akasema. "Unakodi gari. Dereva wao ataelewa Kiingereza chako?"

"Hakuna dereva, mjomba. Wananipa gari naendesha mwenyewe."

Kwetu ukikodi gari umekodi na dereva, na utingo wake, na maneno yao njia nzima. Mjomba akasogeza kiti karibu.

"Wanakujua?"

"Hawanijui."

"Wanamjua baba yako?"

"Hapana."

"Na wanakupa gari." Akawageukia wenzake. "Hawa ndio waliotutawala!"

Bibi, ambaye ndiye mama yake mjomba, akauliza gari hilo lina viti vingapi. Nikamwambia ni vitano.

"Na wewe una makalio mangapi?"

"Bibi, huko kila mtu na gari lake."

"Viti vinne vitupu vinapanda mlima, na watu wanatembea!" Akamtazama mwanawe. "Hebu mwambie huyu."

Mjomba hakunionya. Alinipa mtihani. Leseni nilikuwa nayo, na gari nilijifunzia kwake, lakini sikuwahi kuendesha bila yeye pembeni akinyoosha mguu kukanyaga breki ambayo upande wake haikuwepo. Jumamosi ningetoka Same na pikapu, nipande hadi kijijini kwa bibi, peke yangu kama Mwingereza. Kila kona nipige honi. Na nisibebe abiria.

"Siku ya gulio, mjomba? Njia ile?"

"Ukizoea kubeba watu, huko utabeba mtu usiyemjua, atakunyang'anya gari la wenyewe, na watakuja kunidai mimi. Ukifika na mtu mmoja ndani, nauli huna."

Ijumaa akatangulia kijijini kwa lori la mwenzake, akanisubiri huko.

Jumamosi bibi alipeleka tangawizi yake sokoni mapema. Wachuuzi wakampa bei aliyoiita matusi. Badala ya kuuza, akajitwika mfuko wake akaanza kupanda nao kurudi, kwa miguu, ili asije akaniharibia mtihani. Hayo niliyajua nilipomkuta kwenye mpando wa kwanza, akiwa na wanawake wawili, mmoja ana mtoto mgongoni.

Nikapunguza mwendo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Pita, mjukuu wangu. Usinitazame."

Nikajaribu. Naapa nilijaribu. Mguu ulikataa kukanyaga mafuta. Nikabaki na gia ya kwanza, sambamba naye, pikapu ikinguruma na yeye akitembea, macho yake mbele kama askari wa gwaride.

"Mbona hupiti?"

"Nashindwa, bibi."

"Basi tembea na sisi."

Tukatembea, wao kwa miguu na mimi kwa pikapu. Baada ya kona mbili bibi akasimama, nami nikasimama.

"Mjomba wako alisemaje? Sema neno lake lenyewe."

"Nisibebe abiria."

"Tangawizi ni abiria?"

Nikafikiri. "Hapana. Ni mzigo."

Akafungua mlango, akauketisha mfuko kwenye kiti cha pembeni yangu, akaufunga kwa kanga usianguke. Wale wanawake wakapakia unga na ndoo zao nyuma. Habari ikatutangulia mlimani, sijui kwa njia gani, kwa sababu kila kona tuliwakuta watu wamekwisha tua mizigo wakitusubiri. Ikaingia sabuni. Akaingia mbuzi, baada ya ubishi mfupi, kwa hoja kwamba mbuzi hajawahi kukatiwa tiketi. Mwanamume mmoja akapakia godoro jipya, kisha akaweka mguu juu ya bampa.

"Wewe unakwenda wapi?" bibi akamkemea.

"Na mimi ni mzigo. Mke wangu ananiambia kila siku."

"Akubebe yeye. Shuka!"

Mwenye mtoto akauliza kwa woga kuhusu mtoto. Wanawake wakashauriana, wakaona kuwa aliyebebwa mgongoni ni mzigo wa mama yake. Akalazwa juu ya mfuko wa tangawizi, mama yake akaingiza mkono dirishani akamshika, na hivyo tukaenda, mimi nikiogopa hata kubadili gia. Kila kona nilipiga honi kama nilivyoagizwa, ingawa nyuma yangu na mbele yangu walikuwepo watu wa kutosha kuitangaza pikapu ile hadi Tanga. Injini ikachemka mara kwa mara. Kila ilipochemka, ndoo zilishuka, zikaenda kijitoni, zikarudi na maji.

Tukaingia kijijini jua likiwa limeegemea. Mjomba alikuwa amesimama katikati ya njia, kofia mkononi.

"Tumesikia honi yako tangu kona ya kwanza," akasema. "Tumepika, tumekula, tumeosha vyombo. Tulikuwa tunatafuta wa kwenda kuokota maiti."

Akaizunguka pikapu iliyokuwa inafuka mvuke. Akatazama godoro. Mbuzi akamtazama yeye. Akafungua mlango.

"Na huyu?"

"Mzigo," bibi akasema.

Watu wote wakatega sikio kuisikia nauli yangu ikienda. Mjomba akamwinua yule mtoto, akamrudisha kwa mama yake, akakaa yeye kwenye kiti, mapajani ameupakata mfuko wa tangawizi. Kila mtu pale alijua kwamba mwanawe wa kwanza aliondoka kwa nauli ya baba yake kwenda kufanya kazi melini, na kwamba barua yake ya mwisho ilikuwa ya zamani. Mimi nilijua pia, ila hadi dakika ile nilidhani tunazungumzia magari.

"Kuendesha hujui," akasema hatimaye. "Umeniunguzia gari. Ningekuwa Mwingereza nisingekupa hata baiskeli."

"Ndiyo, mjomba."

"Lakini mtu aliyeshindwa kumpita mama yangu, huyo atarudi."

Nauli akatoa. Bibi akatoa tangawizi, ileile iliyokataa bei ya Same, akasema niipeleke huko nikaone wao watasemaje.

Huko Uingereza nililala stesheni na makande yangu, peke yangu, hadi mfagiaji akaniuliza kama nimefiwa. Treni ikaondoka saa nne na dakika kumi na saba. Kwenye mji mdogo, binti asiyenijua wala asiyemjua baba yangu alitazama leseni yangu akanipa ufunguo. Viti vitano. Niliuketisha mfuko kando yangu nikaufunga mkanda, kisha nikapanda vilima vya watu, na kila kona nikapiga honi. Kondoo walinitazama. Mzee mmoja mwenye mbwa alinipungia mkono kwa hasira, nami nikampungia.

Mwalimu alikuwa amekwisha toka nje, amesimama getini na fimbo, uso ameuelekeza barabarani lakini pembeni kidogo ya mahali nilipokuwa.

"Nimekusikia tangu kona ya kwanza," akasema kwa Kiswahili cha kwetu. "Umembeba nani?"

"Mzigo tu, mwalimu."

Akaingiza mkono dirishani, akapapasa mfuko, akachuna ganda la tangawizi kwa ukucha, akanusa kidole.

"Same wanatoa bei gani siku hizi?" akauliza.