Kozi Iliyonuka Samaki

Siku moja naikumbuka hata kwa harufu yake, mwanangu: siku kozi ya Profesa Kabamba ilipofufuka hapa Kamina.

Miaka ile ya tisini, chuoni kwetu kila mwalimu aliwauzia wanafunzi silabasi yake, yaani kitabu cha maelezo ya kozi. Profesa Kabamba alikataa. Kozi yake ya magonjwa ya mihogo, aliyoitafutia mashambani ujana wake wote, aliichapa kwenye kompyuta ya chuo, na likizo ilipofika akampa kila mwanafunzi diskete, kile kisahani cha kompyuta, yenye kozi nzima, bure. Wenzake wakamcheka.

"Weye Kabamba, batoto yako batakula diskete?"

Akaendelea kugawa. Kutoa ni moyo.

Yangu nikaenda nayo nyumbani Kinkondja, nimeikumbatia kifuani. Shangazi yangu, mkaushaji samaki, akaniuliza, "Iko kitu ya maana?"

"Sana, shangazi."

Basi! Kwake, kitu cha maana ni lazima kikaushwe kisioze. Kugeuka hivi, diskete iko juu ya uchaga katikati ya samaki, moshi unaipanda. Niliruka kama chura! Niliiwahi haijapata moto, ila harufu ilikwisha kuingia.

Vita vikatufikia. Tuliporudi, chuo kilibaki kuta. Kompyuta ilikwenda na waporaji, na silabasi ambazo walimu walizifungia kabatini zikingoja wanunuzi tulizikuta sokoni zimefunga maandazi. Walimu wengine waliweza kuandika upya kwa kukumbuka. Lakini vipimo vya miaka vya Kabamba, nani angevikumbuka? Na bila kozi ile hakuna diploma. Mwaka wetu ungekuwa mwaka mweupe, yaani umepotea hivihivi.

Profesa, amekonda, akauliza polepole, "Nani iko na yake?"

Mmoja yake ilichukuliwa njiani. Mwingine yake ililowa mvua kule Luena. Nikainua yangu.

Mzee Salumu, mfanyabiashara wa ukoo wa Maniema, alikuwa ameificha kompyuta yake chini ya magunia ya mahindi. Akatuwashia jenereta. Diskete ikakoroma, krr, krr, nasi hatupumui. Mara ukurasa wa kwanza ukatokea, jina la Profesa juu yake! Vigelegele vilifika stesheni.

Yule mwalimu aliyemcheka akanusa hewa. "Mbona kozi inanuka samaki?"

"Ndjo ile batoto yangu batakula," akasema Profesa, machozi yakimtoka kwa kicheko.

Diploma tulipata, mwanangu, na leo kozi ileile unaisoma bure kwenye simu yako. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya maarifa huoza, ikifungiwa. Basi ukiandika chochote chuoni, tia jina lako, kisha kiachie mtandaoni, akisome na yule asiye na nauli ya kukufuata.

Mungu akufungue mikono, na kazi yako ifike pale miguu yako isipofika, ikinukia harufu ya kwenu.