Chaki Haivaliki

Siku ile naikumbuka kwa sauti ya mkasi, mwanangu. Nilikuwa msichana, nakaa Temeke kwa shangazi yangu, fundi cherehani, mwanamke mkali asiyejua kunong'ona. Mezani kuna kitenge cha mteja, nami nimeshika chaki. Nachora, nafuta, nachora tena. Akili haikuwa kwenye kitenge. Nilikuwa nimepata nafasi ya chuo cha ualimu mkoani, na kijana mmoja wa Boko, niliyempenda kweli, wazee wake walikuwa wanangoja jibu la posa. Hakutaka mke wa kwenda kusoma mbali. Chuo kinafunguliwa Jumatatu, na mie kote kote nimesema, "Ngojeni kidogo."

Shangazi akanipokonya chaki. "We mtoto! Umeshawahi kumwona mtu kavaa chaki?"

"Sasa shangazi, nikikata vibaya?"

"Tutashona kilichobaki. Usipokata, mwenye kitenge ataendaje harusini? Na yule mtoto wa watu unamweka roho juu mpaka lini? Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse wewe! Kata shauri!"

Nikakata kitenge. Jioni nikamwita yule kijana, nikamwambia nakwenda chuo. Nililia mpaka kanga ikalowa. Baadaye alioa, na habari zile ziliniuma, sikufichi.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu wa Kiingereza hapa Mwananyamala. Siku moja napekua kamusi nene ya asili ya maneno, nikakutana na "decide", hilo mnalolitafsiri kuamua. Kumbe limetoka Kilatini, na huko lilikuwa na maana ya kukata, kukatilia mbali! Loh! Nikacheka peke yangu, walimu wenzangu wakanitazama. Walatini wa kale na shangazi yangu wa Temeke, wote wameshika mkasi!

Nyie siku hizi mna neno lenu, opsheni. Unaambiwa chagua, unajibu, "Mwalimu, mie naachaga opsheni zangu wazi." Wazi mpaka lini, mwanangu? Uliza wakubwa, pima, pima tena, sikukatazi. Ukishapima, kata. Kipande kitakachoanguka kitakuuma. Kililie, ila usirudi kukiokota. Na anayengoja jibu lako mpe, hata likiwa hapana, maana naye ana shauri lake la kukata.

Mungu autulize mkono wako siku hiyo, na utakachokishona kikukae vyema mwilini.