Bwana Maoni na Mashine ya Kufulia

Kwa mujibu wa barua yake ya ajira, kazi ya mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro ni kupokea sponji, kuhesabu majora ya vitambaa na kutoa nyuzi kwa mafundi. Kazi yake halisi ni kutoa maoni. Wenzake walimbandika jina la Bwana Maoni ili kumkejeli, naye, masikini, akalipokea kama cheo. Mpaka mtandaoni anajiita hivyo, huko anakogawa nyota kwa kila kitu kinachouzwa, kuanzia vitabu hadi viberiti.

Usije ukadhani anabahatisha. Bwana Maoni anasoma. Stoo ikishatulia hujinyoosha juu ya godoro la sampuli, miwani puani, simu mkononi, akasoma mpaka kengele ya kutoka. Mwezi uliopita alisoma kitabu kinachofundisha kuishi na vitu vichache. Kilimwingia hasa. Akaagiza na daftari lake la mazoezi, na kikombe chenye nembo yake, kisha akakinunua upya chenye jalada gumu kwa kuwa kile cha kwanza kilikuwa na jalada laini. Alikipa nyota nne. Riwaya aliyoazimwa na mpishi wa kantini iliambulia mbili, baada ya kurasa thelathini na tisa, kwa sababu mhusika mkuu anachelewa mno kuamua mambo.

Kwenye vifaa ndiko alikobobea. Ana saa inayohesabu hatua. Huitikisa akiwa amelala pale pale kwenye sampuli, na jioni saa humpongeza kwa kutembea kilomita sita. Ana taa inayowaka ukipiga makofi, ambayo kwa kweli huwaka jirani akikohoa. Ana kidude cha kumenya vitunguu saumu, na hakuna ubishi, kinavimenya vizuri sana ukishavimenya. Vyote hivyo alivinunua kwa kufumba na kufumbua, maana ni vidogo, na kitu kidogo hakihitaji utafiti.

Kilichohitaji utafiti ni mashine ya kufulia. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa akiumwa kifundo cha mkono wa kulia, na maumivu yalishapanda mpaka kwenye kiwiko. Daktari alimwambia aache kukamua nguo, la sivyo mkono huo utamtupa. Bwana Maoni aliposikia, alishtuka kikweli. Alimshika mkewe bega, akamwahidi mashine. Ahadi hiyo sasa ilikuwa inakaribia kutimiza miaka miwili, na ilikuwa na afya njema kabisa.

"Baba watoto, ile mashine vipi?" mkewe alimuuliza wakati mmoja, mezani.

"Mke wangu, unataka mashine, au unataka mashine nzuri?"

"Nataka mkono wangu."

"Ndiyo maana sikurupuki."

Hakukurupuka. Alisoma maoni ya watu wasiojulikana wa nchi asizozijua. Alijifunza mizunguko ya ngoma, aina za mota, unene wa mpira wa mlangoni. Kila alipokaribia kuamua, toleo jipya lilitangazwa, na mtu mwenye akili timamu hawezi kununua la zamani. Hata hivyo alitoa nyota moja kwa mashine moja ndogo ya bei ya chini, ambayo hakuwahi kuigusa, akaandika kwamba inaunguruma kama trekta na inararua vifungo.

Kazini alipata jipya la kujivunia. Alikuwa akikunja kola ya shati lake la sare na kuwaonyesha mafundi.

"Tazameni weupe huu! Mimi nimezisoma mashine zote. Hakuna itakayoufikia mkono wa mke wangu."

"Si ulisema mkono unamuuma?" aliuliza mpishi.

"Unamuuma, lakini kazi yake unaiona," alijibu Bwana Maoni, akaendelea kunyoosha kola.

Jumapili moja mchana, muujiza ukatendeka: utafiti ukakamilika. Mashine kumi na moja zilikuwa zimechujwa mpaka ikabaki moja. Bwana Maoni aliruka kitini akamtafuta mkewe nyumba nzima, hakumwona. Akakumbuka kwamba Jumapili huenda kwa dada yake, nyumba ya pili, sijui kufanya nini. Akavaa ndapa, akatoka mbio na simu yake, furaha imemjaa kweli kweli, maana alimpenda mkewe na alitaka aione sura yake akisikia.

Alimkuta uani, ameketi na dada yake kwenye benchi, wanakunywa chai. Kando yao, chini ya kibaraza, palikuwa na mashine ndogo ya kufulia inazunguka. Kwenye kioo chake cha duara lilipita shati la sare la kiwanda cha magodoro. Likapita tena. Ilikuwa ile ile ya nyota moja, na haikuunguruma. Ilinong'ona tu.

"Mashine ya nani?"

"Yangu," alisema mkewe.

"Tangu lini?"

"Huu ni mwezi wa tatu sasa. Kwetu pale penye bomba umepajaza maboksi ya vidude vyako, nikamwomba dada anihifadhie."

Bwana Maoni alipandisha sauti. "Yaani umenificha? Mimi mumeo, ninayehangaika usiku na mchana kwa ajili yako?"

"Shemeji, punguza," dada mtu alisema ndani ya kikombe.

"Sikukuficha. Nilikuambia siku niliyoinunua, umekaa kwenye kochi, unasoma."

"Mimi? Nikasemaje?"

"Ulisema, 'Vizuri, mke wangu.'"

Aliitia simu mfukoni.

"Na Jumatano," mkewe aliendelea, kwa ile sauti anayotumia kwa watoto wa miaka minne, "nilikuambia daktari amesema mkono umeshachelewa. Vidole viwili havina hisia. Wananipasua Alhamisi."

"Nikasema…"

"Vizuri, mke wangu."

Alimtazama mkono. Ulikuwa umelala mapajani, kikombe ameshika kwa kushoto, na alivyokishika kwa wepesi ilionyesha si jambo la leo wala la jana. Aibu ilimpata, aibu ya kweli, na hofu kwa ajili ya mkewe. Miezi yote ile alikuwa ameisifu kola, wala hakuwahi kuuliza inafuliwaje na mkono uliokatazwa kukamua.

"Nani atakupeleka?"

"Dada ameshaomba ruhusa kazini."

"Nitakupeleka mimi," alisema. "Alhamisi siendi stoo. Nitakaa pale mpaka utoke."

Mashine ikasimama. Mkewe aliinuka, akaufungua mlango kwa mkono wa kushoto, akaanza kutoa mashati moja moja na kuyarusha kwenye beseni.

"Umenisikia, mke wangu?"

"Vizuri, mume wangu," alisema, bila kugeuka.

Bwana Maoni alibaki amesimama, hajui kama amesikiwa. Akayasema tena yale yale, kwa sauti kubwa zaidi.